Kabla Muhogo Haujawa Mchungu

Somoe Chilumba alikata jani la tatu, akaligeuza, akalielekeza kwenye mwanga wa asubuhi. Madoa yalikuwapo. Yalikuwa na pembe pembe, yamebanwa katikati ya mishipa ya jani, meusi meusi kama vile mtu amedondoshea mafuta. Kwenye shina, utomvu wa rangi ya asali ulikuwa umechuruzika na kuganda.

"Yameanza lini haya?" aliuliza.

"Jumatano niliona mche mmoja," alijibu Mwalimu Nampunju, mwenye shamba. "Jana zilikuwa safu nne. Leo sijahesabu, Daktari, nilikuwa nakungojea wewe."

Nampunju alifundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kustaafu na kurudi kulima. Shamba lake lilikuwa Nachipungo, ukingoni kabisa mwa Uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na kuteremka hadi bonde la Ruvuma. Kutoka alipopiga magoti Somoe aliuona mto, utepe mwembamba, na ng'ambo yake mashamba mengine ya muhogo yasiyoisha. Alijilazimisha kutazama jani.

"Kuna jambo jingine," Nampunju alisema. "Juzi mbuzi wa jirani waliingia humu, wakala majani ya safu nzima. Nikajua kufika jioni watakuwa wamekufa. Wamelala, wameamka, wanacheua tu."

Somoe alisimama mara moja. "Walikula safu ipi? Hii yenye madoa?"

"Hiyo hiyo."

Alitoa vichupa viwili mkobani. Katika kimoja aliponda jani la mche mgonjwa, katika cha pili jani la mche mzima wa upande wa pili wa shamba. Juu ya kila kimoja alining'iniza karatasi ya njano na kufunga kizibo. Karatasi ile hugeuka kahawia inapokutana na sianidi, na jani la muhogo lililopondwa hutoa sianidi siku zote. Ndiyo silaha yake. Mdudu akiling'ata au bakteria akipenya, seli zinapasuka na sumu inamwagika juu ya adui.

Dakika kumi. Somoe hakuweza kukaa. Alitembea hadi mwisho wa safu, akarudi, akatembea tena. Nampunju alimfuata kwa macho, kofia mkononi.

Karatasi ya jani zima ilikuwa kahawia kama chai ya rangi. Ile ya jani gonjwa ilibaki njano.

"Hiyo ni mbaya," Nampunju alisema.

"Subiri kwanza," alijibu, ingawa hakuwa na cha kusubiri. Alidondosha tone la utomvu kwenye kisomaji cha mkononi, akakishika kwa mikono miwili kama mtu ashikaye kikombe cha moto.

Miaka kumi na tisa nyuma, mizizi ya muhogo wa uwanda huu nayo ilikuwa na sumu. Maji yalikuwa haba, kuloweka kulikuwa anasa, na katika miaka ya ukame watu walikula muhogo ambao haukuandaliwa sawasawa. Wengine waliamka asubuhi wakakuta miguu imekakamaa, haikunjuki, na haikukunjuka tena maisha yao yote. Konzo, ndivyo ugonjwa ulivyoitwa. Somoe, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, alimtengeneza bakteria asiye na madhara, anayeishi ndani ya mizizi ya muhogo, akampa kimeng'enya kinachoikatakata sianidi mara tu inapotoka. Alimfunga mizizini makusudi, ili majani na shina vibaki na silaha yao. Watu walimwita bakteria huyo Mpole. Tangu Mpole aenee, watoto walitafuna muhogo mbichi njiani wakitoka shamba, na hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyewahi kuandikwa.

Kisomaji kililia. Aliyekuwa ndani ya utomvu ni bakteria wa mnyauko, adui wa zamani, ambaye miaka yote aliharibu majani mawili matatu kisha akachomwa na sumu ya mmea na kuishia hapo. Lakini huyu alikuwa na kitu cha ziada, pete ndogo ya vinasaba. Somoe aliisoma herufi kwa herufi. Karibu na mwisho wa pete palikuwa na alama ambayo mafundi wa vinasaba huiweka ili kazi yao itambulike.

"Umeona nini?" Nampunju aliuliza.

"Nimeona mkono wangu."

Alimweleza akiwa amesimama, macho yake yakiruka kutoka mche hadi mche. Bakteria wanapokutana huazimana vinasaba kama majirani wanavyoazimana ungo. Mahali fulani ardhini, kwenye mzizi uliochubuka, Mpole alimwazima mnyauko pete yake. Sasa mnyauko una kimeng'enya. Unaingia kwenye jani, jani linamwaga sumu, na mnyauko unaila sumu kama chakula na kusonga mbele.

"Muhogo hauna kitu kingine cha kuuzuia?"

"Hauna."

Nampunju alivaa kofia yake. Alitazama bondeni, kule ng'ambo alikoolewa binti yake.

*

Kituo cha Mimea Hai kilikuwa Mtwara, mwendo wa saa tatu kwa gari la jua. Mkurugenzi Gaudensia Mapunda alikwisha kuona picha kabla Somoe hajafika. Alikuwa ametandaza ramani mezani, na juu yake droni zilikuwa zinaongeza nukta nyekundu moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na saba. Somoe akivuta kiti zikawa kumi na nane, akakiacha kiti.

"Mlaji yuko tayari?" Gaudensia aliuliza.

"Yuko kwenye baridi tangu mwaka ule tulipomsambaza Mpole."

"Atamuua mnyauko?"

"Atamuua kila mwenye pete. Mwenye pete huota unywele mdogo wa kumpitishia mwenzake vinasaba. Mlaji ni virusi anayeushika unywele huo na kuingia. Hajui kubagua, Mkurugenzi. Mnyauko utakufa, na Mpole atakufa."

"Na mizizi itarudi kuwa na sumu baada ya muda gani?"

"Siku mbili, tatu. Mmea haukuacha kamwe kutengeneza sumu, Mpole ndiye alikuwa anaila. Akiondoka leo, keshokutwa muhogo ni mchungu. Na huu ni mwaka wa ukame, utakuwa mchungu kuliko zamani."

Gaudensia aliketi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na Somoe hakuwahi kumsikia akiipandisha hata alipokasirika. "Droni zitammwaga Mlaji Ijumaa alfajiri," alisema. "Leo Jumatatu, hatuwezi kuwahi zaidi ya hapo. Tangazo litatoka siku ya kumi na nne, na magari ya unga wa msaada yatafika wiki ya tatu."

Somoe alidhani amesikia vibaya. "Tangazo baada ya kumwaga?"

"Baada ya Mlaji kumaliza kazi."

"Watakula sumu siku kumi na moja bila kujua."

"Watauonja uchungu, watatema."

"Aliyeshiba atatema. Mahindi hayajakomaa, maharage yamekauka. Kuna nini kingine ndani ya nyumba hizo?"

"Somoe, sikiliza." Gaudensia aliweka kiganja juu ya mto kwenye ramani. "Ukiwaambia leo kwamba muhogo mtamu unakwisha, kila mtu atafanya jambo moja. Atakata mapingili ya muhogo wake na kuyapeleka kwa ndugu aliye mbali ili mbegu isipotee. Hata mimi ningefanya hivyo. Na ndani ya pingili zuri lisilo na doa hata moja, mnyauko umo. Ukivuka huu mto hatutaukamata. Ng'ambo na kwenda mbele wako watu milioni sita ambao chakula chao ni muhogo."

"Umekadiria wangapi watapooza huku kwetu?"

"Arobaini." Alilitamka neno hilo bila kukwepa macho. "Nimepiga hesabu mwenyewe. Sikutaka kumtwika mtu mwingine."

Somoe alizunguka meza, akafika dirishani, akarudi. Alitafuta kosa katika maneno yale, na hilo ndilo lililomkera, kwamba hakuliona. Aliomba kumwaga kuahirishwe wiki tatu, akanyimwa. Akaomba moja, akanyimwa. Nukta zilifika ishirini na moja.

"Nenda ukamtoe Mlaji kwenye baridi," Gaudensia alisema. "Na simu yako iache wazi."

*

Jumanne mchana Somoe alifika Newala kwa dada yake. Hakuwa amepanga kwenda. Alikuwa amemwamsha Mlaji, amejaza mitungi, amesaini karatasi, kisha akajikuta barabarani.

Esha Chilumba aliketi barazani akishona wavu wa ukungu. Nyavu hizo zilisimama kila kilima cha uwanda, zikikamata unyevu wa alfajiri na kuupeleka matangini, na zilichanika kila zilipopata upepo. Esha alikuwa fundi wao tangu usichana. Fimbo zake mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu miguu yake ilipokakamaa, na Somoe alikuwa na saba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekaa garini sana."

"Basi simama, lakini usinizibie mwanga. Umekuja na nini?"

Somoe alimwambia yote, pete, Mlaji, Ijumaa, siku kumi na nne. Sindano ya mti iliendelea kupita katika matundu.

"Nikikaa kimya," Somoe alimalizia, "nitakuwa nimewafanyia watu arobaini yale yaliyokupata wewe. Siwezi, dada. Kila nikifumba macho nakuona ulivyokuwa unajikokota kwenda chooni."

Sindano ilisimama. "Mimi niache nje."

"Nini?"

"Usinitumie. Miaka yote hii nasikia watu wakisema Daktari Somoe alimtengeneza Mpole kwa ajili ya miguu ya dada yake. Nimenyamaza kwa sababu lilikuwa jambo la heri. Sasa unataka kuibeba miguu hii uiweke kwenye mizani yako, upande mmoja mimi, upande mwingine watu milioni sita. Kama unataka kusema, sema kwa sababu wale ni watu wazima na chakula ni chao. Inatosha hiyo."

Somoe alishuka barazani, akapanda tena.

"Na jambo la pili," Esha aliendelea, sauti ikiwa imelainika. "Utawaambia nini? Kwamba muhogo una sumu, waanike? Mama alijua. Alijua kuliko ninyi wote mliosoma. Makopa yalitakiwa kukaa juani wiki mbili. Tuliyala siku ya tatu kwa sababu ndani hapakuwa na kitu. Mama hakukosa akili, Somoe, alikosa siku."

Maneno hayo yalimsimamisha Somoe pale pale alipokuwa. Alihesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mzizi uliong'olewa leo ulikuwa bado na Mpole ndani yake. Ukimenywa, ukakatwa na kuanikwa sasa, Mpole angeendelea kuila sumu hadi kipande kikauke, na kipande kikavu kingebaki salama hata Mlaji akija.

"Wang'oe," alisema. "Sasa hivi. Wang'oe kila wanachoweza kabla ya Ijumaa."

"Hapo umesema kitu." Esha alivuta uzi na kuukata kwa meno. "Saa kumi nasoma ratiba ya maji. Vipaza sauti vya vijiji thelathini na kimoja. Nikimaliza kijiji cha mwisho huwa nafunga, lakini hakuna aliyeniambia nifunge."

"Watakufukuza kazi."

"Nyavu zitachanika vile vile. Nani atazishona?"

*

Saa kumi na dakika ishirini, baada ya Esha kusoma zamu ya maji ya Chilindima, kijiji cha mwisho, Somoe alikivuta kipaza sauti. Alikuwa ameandika ukurasa mzima, lakini hakuusoma.

"Naitwa Somoe Chilumba. Mimi ndiye niliyemtengeneza Mpole. Kuna ugonjwa umeingia kwenye mihogo, na umepata nguvu kutoka kwa Mpole huyo huyo, kwa hiyo nguvu hiyo nimeupa mimi. Ijumaa alfajiri itamwagwa dawa. Itauua ugonjwa na itamuua Mpole. Kuanzia Jumapili mizizi iliyo ardhini itakuwa na sumu kama zamani. Mlicho nacho ni leo, kesho na keshokutwa. Ng'oeni. Menyeni, kateni vipande vyembamba, anikeni. Mtakachoanika kabla ya Ijumaa kitakuwa salama. Na ninawaomba kitu kimoja. Msipeleke mapingili popote, hata yale mazuri. Ugonjwa hauonekani kwa macho. Mkiuvusha mto, mtawaulia chakula watu wasio na habari."

Akarudia kwa Kimakonde.

Simu ililia kabla hajafika mlangoni. Gaudensia hakufoka. "Umeshasema," alisema. "Basi rudi uje ulinde mitungi. Tutazungumza baadaye."

Siku tatu zilizofuata uwanda mzima ulikuwa mgongo mmoja ulioinama. Paa za nyumba zilikuwa nyeupe kwa vipande vya muhogo, viwanja vya shule vilikuwa vyeupe, na barabara ya lami ilianikwa upande mmoja hadi magari yakapishana kwa shida. Ijumaa alfajiri droni zilipita chini chini, zikinyunyiza kitu kisicho na rangi wala harufu, na watu waliinua vichwa kidogo, wakaendelea kung'oa. Jumapili Somoe aliponda mzizi wa kwanza. Karatasi iligeuka kahawia kabla hajafunga kizibo vizuri.

Mnyauko ulikufa ndani ya siku kumi na mbili. Somoe alisimamishwa kazi siku ya kumi na tatu.

*

Magari ya unga yalichelewa. Badala ya wiki ya tatu yalifika wiki ya sita, na kufikia hapo watu wanne walikuwa wamepooza.

Somoe aliwatembelea wote. Wawili walitoka kijiji ambacho kipaza sauti chake kilikuwa kimeungua. Wa tatu alikuwa mzee aliyeishi peke yake. Wa nne alikuwa Salima Nang'unda, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye alijaribu kusimama kumwamkia na vidole vya miguu vikajikunja chini kama vya ndege.

"Tulikusikia," mama yake alisema. "Tuling'oa shamba lote. Kisha ndugu wa mume wangu wakaja, watu tisa, wao hawakuwa wamewahi. Ningewafukuza?"

"Hapana, mama."

"Makopa yakaisha. Tukachimba yaliyosalia." Alimfunika binti yake miguu kwa khanga. "Nataka kujua jambo moja. Usingesema, angekuwa salama?"

"Usingejua hata sababu," Somoe alisema. "Lakini mguu usingekuwa tofauti. Labda wangekuwa wengi kama yeye."

Mama Salima alitikisa kichwa taratibu. Hakumwambia aondoke, wala hakumwambia akae.

Alipotoka alimkuta Mwalimu Nampunju anamsubiri chini ya ukuta, vumbi la safari likiwa limemjaa miguuni. Hakuanza kwa salamu.

"Nilikusikia neno kwa neno, Daktari. Na mimi ni mtu wa hesabu, nilielewa." Alivua kofia. "Alhamisi ile nilikata mapingili ishirini, mazuri, safi kabisa, nikampelekea Atija binti yangu kule Namwatu. Nikasema ishirini tu. Jana amenitumia picha ya jani."

Somoe aliipokea simu na kuitazama picha. Hakuhitaji kuikuza.

Jioni ile ile alimpigia Gaudensia. Alimweleza habari za Namwatu.

"Nilikuambia," Gaudensia alisema, bila ushindi wowote katika sauti. "Nawe uliniambia. Mimi nilikadiria arobaini, wamekuwa wanne. Mimi nilisema utavuka, umevuka. Sijui nani kati yetu anatakiwa kulala usingizi."

"Nipe mitungi. Niende mwenyewe."

"Droni zetu hazina ruhusa ng'ambo, lazima aende mtu. Wenzetu wa kule wameomba uwe wewe, maana sauti yako waliisikia hadi bondeni." Akasita. "Siku za kusubiri kabla ya kumwaga, hizo sitakuandikia. Utaamua ukifika."

*

Namwatu kilikuwa kijiji cha nyumba sitini hivi, na watu wake walizungumza Kimakonde kile kile cha uwandani, na Kiswahili chenye maneno machache ya Kireno. Atija Nampunju alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mkimya kama baba yake. Aliwakusanya watu uwanjani, Somoe akasema mbele yao yote aliyoyasema kwenye kipaza sauti, na akaongeza yaliyofuata.

"Waliopooza kwenu ni wangapi?" Atija aliuliza.

"Wanne."

"Wana majina?"

Somoe aliwataja mmoja mmoja, na vijiji vyao.

"Na sisi hatuna magari ya unga."

"Hamna. Nimeomba, lakini nisiwadanganye, msiyatarajie."

Watu walinong'ona. Mwanamke mmoja alisema wamtupe mtoni yeye na mitungi yake, na wachache wakakubaliana naye. Atija aliwaacha waseme hadi wakachoka. "Tupe siku nane," alisema. "Siku nane tutang'oa kijiji kizima."

Nukta za droni zilimpitia Somoe kichwani. Nane zilikuwa nyingi mno. "Sawa," alisema. "Nane."

Hakulala sana siku zile, wala hakutulia mahali. Alfajiri alikagua mipaka, mchana aling'oa pamoja nao, jioni alikagua tena. Siku ya tano, saa nne asubuhi, alivuka kijito kilichokitenga Namwatu na kijiji kilichofuata. Kwenye mche wa tatu aliona doa lenye pembe.

Alisimama pale na jani mkononi. Mitungi ilikuwa chini ya mti, mwendo wa dakika chache, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Angefungua bila mtu kuona, na keshokutwa wangegundua. Alijua kabisa Gaudensia angefanya nini, na hakumwona kuwa mbaya. Alirudi akikimbia, akamkuta Atija shimoni hadi kiunoni, akampa jani.

"Ugonjwa umevuka kijito," alisema. "Nikingoja siku tatu zilizobaki utafika barabara kuu. Nilikuahidi nane. Bado ni zako, sitafungua kwa siri. Lakini sikutaka ujue baadaye."

Atija alilitazama jani pande zote mbili. "Pale ng'ambo ya kijito ni kwa mama mkwe wangu," alisema. "Tumebakiza theluthi nzima ardhini."

"Najua."

Alipanda kutoka shimoni, akaenda. Somoe aliona wanawake wakikusanyika kwenye kona ya shamba, akasikia sauti zikipanda na kushuka. Yule aliyetaka atupwe mtoni alizungumza kuliko wote, akinyoosha mkono kuelekea kijito. Walichukua muda mrefu. Somoe alikwenda hadi kwenye mitungi, akarudi, akaenda tena. Jua lilipokuwa utosini Atija alikuja, na yule mwanamke akiwa nyuma yake.

"Tumempeleka mtu akawaambie wa ng'ambo ya kijito waanze kung'oa sasa hivi," Atija alisema. "Nasi tunang'oa leo hadi jua lizame. Kesho asubuhi fungua."

Asubuhi Somoe aliuvua ufunguo shingoni. Yule mwanamke aliushika mtungi usitikisike, Atija akazungusha kizibo kwa mkono wake mwenyewe. Ukungu mwembamba ulitoka, ukapeperuka juu ya majani ya kijani, ukatua. Hakuna kilichobadilika. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba.

Atija alifuta viganja kwenye khanga. "Siku ngapi ulisema?"

"Mbili. Labda tatu."

"Basi leo bado ni mitamu," alisema, akaokota jembe lake na kuingia kwenye safu iliyofuata. Somoe alitafuta jembe la pili, akamfuata.